UZI MAALUMU: Majalada ya mwanzo ya Iron Maiden (1979–1982). Eddie wa vichochoroni ndiye Eddie mwenyewe

Mzee wa Santuri (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Kila yakizungumzwa majalada ya hevi metali, watu wanakimbilia Powerslave na Somewhere in Time, albamu za baadaye za bendi ya Kiingereza ya Iron Maiden. Ni kazi kubwa zile, sibishi. Mtu anaweza kushinda na jalada la Somewhere in Time akisoma vibao vya ukutani asivimalize. Lakini mimi nina kesi yangu na nitaitetea hapa mpaka wasimamizi wafunge uzi: Eddie, yule kiumbe wa kwenye majalada yao, alikuwa na makali mwaka 1980 na 1981, akiwa zimwi la vichochoro vya London. Baadaye alifanywa firauni, akafanywa roboti, akapendeza sana. Ila kuogofya ndiyo basi tena.

Nitakwenda jalada moja moja, kwa vipande. Anayetaka kubishana abishane, ndiyo kazi ya uzi.

KIPANDE CHA KWANZA: kabla ya Eddie kuchorwa

Steve Harris, mpiga besi, aliianzisha bendi hii Leyton, mashariki mwa London, siku ya Krismasi ya 1975. Miaka yote ya mwanzo hakukuwa na mchoro wa zimwi. Kilichokuwepo ni kinyago. Kilitundikwa nyuma ya jukwaa, juu ya mpiga ngoma, wakakiita Eddie the 'Ead, na bendi ilipofika mwisho wa wimbo wao "Iron Maiden" kinyago kilitema damu bandia. Aliyekuwa akilowa ni Doug Sampson, mpiga ngoma wa siku zile, maana kiti chake kilikuwa chini yake kabisa. Mtundu wa mambo hayo alikuwa fundi wao wa taa, Dave Beazley, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Dave Lights.

Kwa hiyo Eddie alizaliwa jukwaani, akiwa kichwa kisicho na mwili. Likumbukeni hilo, litatusaidia mbele.

Tarehe 30 na 31 Desemba 1978 waliingia Spaceward Studios, Cambridge, wakarekodi nyimbo nne. Pesa iliwatosha kurekodi tu. Mkanda mkuu hawakuweza kuununua, na walipoutaka baadaye wakakuta umeshafutwa. Kilichobaki ndicho walichoondoka nacho siku ile. Nakala moja ikamfikia Neal Kay, DJ aliyeendesha usiku wa roki nzito katika ukumbi wa Bandwagon, Kingsbury, kaskazini-magharibi mwa London. Kay aliipiga mpaka "Prowler" ikapanda namba moja kwenye orodha ya ukumbi wake, na orodha hiyo ilikuwa inachapishwa na gazeti la muziki la Sounds. Kwa bendi isiyo na lebo, hiyo ilikuwa zaidi ya tangazo la kulipia.

Tarehe 9 Novemba 1979 ikatoka santuri ya inchi 7, *The Soundhouse Tapes*. Nakala 5,000, lebo yao wenyewe ya Rock Hard Records, nyimbo tatu: "Iron Maiden", "Invasion" na "Prowler". Wimbo wa nne, "Strange World", waliuweka kando. Nakala zikaisha ndani ya wiki chache, nyingi kwa njia ya posta. Mwezi uliofuata walikuwa wamesaini na kampuni ya santuri ya EMI.

Na jalada lake? Picha ya Paul Di'Anno, mwimbaji, akiwa jukwaani. Zimwi halipo. Ni jalada la bendi yoyote ile ya vijana wenye jasho. Angalia lile halafu angalia lililotoka miezi mitano baadaye, utadhani ni watu wengine.

Naendelea jioni.

---

Nywele Ndefu

Nimeweka kambi. Anayepita asinikanyage.

---

Besi Nzito

Mkuu, umegusa The Soundhouse Tapes, naomba kuuliza. Hizi zinazouzwa mitandaoni kila siku ni zile 5,000 kweli? Mbona haziishi?

---

Mzee wa Santuri

@Besi Nzito, umejijibu mwenyewe. Santuri zilizoisha mwaka 1979 haziwezi kuwa zinaongezeka. Feki za ile kitu zimezagaa miaka nenda rudi, nyingine zimetengenezwa vizuri tu. Ya asili ina namba ya katalogi ROK-1, na nyuma ya jalada kuna maelezo ya Neal Kay. Lakini mghushi naye anajua kuandika ROK-1, kwa hiyo namba peke yake isikupe usingizi. Tazama picha ya mbele: jalada lililopigwa picha kutoka jalada jingine hupoteza ukali, vivuli vinakuwa tope, maandishi madogo yanavimba. Kisha linganisha maandishi yaliyochongwa kwenye santuri yenyewe karibu na lebo ya katikati na ya nakala iliyothibitishwa. Muuzaji akikataa kukupigia picha sehemu hiyo, muage kwa heshima.

---

Mzee wa Santuri

KIPANDE CHA PILI: Riggs, na uso uliofichwa

Derek Riggs alikuwa mchoraji kijana, mzaliwa wa Portsmouth, anayetafuta kazi ya majalada bila bahati. Katika michoro aliyokuwa akizunguka nayo ulikuwepo mmoja aliouita *Electric Matthew Says Hello*: maiti ya mtaani, macho yamemtoka, mdomo wazi, usiku, ukutani mwanga wa taa ya barabarani. Riggs amewahi kueleza kwamba wazo la uso ule alilitoa kwenye picha ya vita aliyoiona, kichwa cha askari kikiwa juu ya kifaru. Na mchoro wenyewe aliufikiria kwa ajili ya santuri ya panki, hakuwa na habari na metali.

Meneja wa Maiden, Rod Smallwood, aliona kwenye ofisi za EMI bango lililochorwa na Riggs kwa ajili ya mwanamuziki mwingine kabisa, Max Middleton. Akaomba aletewe kazi zake nyingine. Alipofika kwa huyu maiti, utafutaji ukaishia hapo. Sharti likawa moja: mwongeze nywele, asionekane mtu wa panki. Kichekesho ni kwamba mwimbaji wao wakati huo, Di'Anno, alikuwa na nywele fupi na sura ya panki kuliko mtu yeyote kwenye bendi. Zimwi likafugishwa nywele, mwimbaji akaachwa na zake.

Sasa angalieni akili ya Smallwood. Singo ya kwanza, "Running Free", ilitoka Februari 1980, kabla ya albamu. Eddie yupo kwenye jalada, ila uso umo gizani. Unaona kijana anakimbia kichochoroni na nyuma yake kuna kitu. Basi. Uso uliwekwa akiba ya albamu. Singo ilifika namba 34 Uingereza, wakaitwa Top of the Pops, kipindi cha muziki cha televisheni, wakagoma kuigiza kwa kufuatisha kanda kama kawaida ya kipindi, wakapiga laivu.

Tarehe 14 Aprili 1980 albamu ya *Iron Maiden* ikatoka, na uso ukatoka. Ikaingia hadi namba 4.

Fikiria mtu dukani anapekua santuri. Redio haipigi muziki huu, jina la bendi halijui. Ghafla anakutana na uso ule kwenye mraba wa sentimita 30 na ushee, unamtazama yeye. Hauna shughuli na mtu mwingine. Hakuna mwanamuziki hata mmoja mbele ya jalada. Bendi ilikuwa inabadilisha watu kila msimu (hebu hesabu wapiga gitaa waliopita kabla ya 1980), kwa hiyo kuweka sura isiyoweza kujiuzulu lilikuwa jambo la busara sana.

---

Dada Riffu

Mzee, nakuheshimu, lakini tuseme ukweli. Kama mchoro, jalada la kwanza ni dhaifu. Shingo haijui inaelekea wapi, fulana kama imebandikwa, na ukuta wa nyuma ni ukuta tu. Riggs wa 1984 angeliangalia akacheka. Unachokipenda ni kumbukumbu, si mchoro.

Na kuhusu muundo wa jina la bendi, nao usisahaulike. Zile herufi zenye ncha zinafanana mno na herufi za bango la filamu ya *The Man Who Fell to Earth* ya 1976, kazi ya Vic Fair. Harris husema alizibuni mwenyewe, na kazi ya kuchora michoro ya majengo aliwahi kuifanya, kwa hiyo mkono anao. Lakini mfanano upo, kila mwenye macho anauona.

---

Mzee wa Santuri

@Dada Riffu, shingo nakupa. Fulana nakupa. Lakini uso ule sikupi. Macho yale yana mwanga ambao Riggs hakuurudia vizuri vile hata alipokuwa fundi mara kumi zaidi. Na udhaifu wa mkono unalingana na sauti iliyomo ndani. Albamu ile walirekodi Kingsway Studios, London, kwa haraka, chini ya Will Malone, na Harris hajawahi kuacha kulalamika kuhusu utayarishaji wake. Sauti nyembamba, magitaa yana kutu. Vema! Nyimbo zenyewe ni za kutu. "Prowler" ni mtu anayevizia barabarani. "Running Free" ni kijana mtoro. "Charlotte the Harlot", yaani Charlotte kahaba, unajua ni nani. Yule wa kwenye jalada angeweza kutoka kwenye wimbo wowote kati ya hizo akaomba kiberiti.

Kuhusu herufi, nakubali zinafanana, na nadhani hazina ubaya. Zilifanya kazi.

---

Dada Riffu

Umechagua nyimbo zinazokufaa. Kwenye albamu hiyo hiyo kuna "Phantom of the Opera", dakika saba za hadithi ya kale, na "Transylvania". Hao nao ni wa kichochoroni? Njoo kwenye albamu ya pili, Killers: "Genghis Khan", "The Ides of March", "Murders in the Rue Morgue". Harris alikuwa ameshahama mtaa tangu siku ya kwanza. Aliyekuwa mtaani ni Di'Anno.

---

Nywele Ndefu

Hapo dada umepigilia msumari. Mzee jibu.

---

Mzee wa Santuri

Nitajibu nikifika Killers. Msinikimbize.

KIPANDE CHA TATU: Waziri Mkuu anauawa

Hapa ndipo penye utamu. Mei 1980 ikatoka singo ya "Sanctuary". Jalada: usiku, barabarani, Eddie amechutama na kisu juu ya maiti ya mwanamke. Mwanamke huyo ni Margaret Thatcher, Waziri Mkuu wa Uingereza aliyekuwa na mwaka mmoja tu madarakani. Kosa lake ni kuchana bango la Iron Maiden ukutani. Nakala za Uingereza zikatoka na mstari mweusi umefunika macho yake, kama kwamba mstari ungemzuia mtu kumtambua kwa zile nywele. Gazeti la Daily Mirror likachapisha mchoro bila mstari. Bendi ambayo haikuwa na uwezo wa kununua ukurasa wa gazeti ikapewa bure. Singo ilifika namba 29.

Watu wengi wanaishia kwenye siasa. Mimi nasema sikilizeni wimbo. Anayeimba ni mtu anayekimbia sheria, anatafuta pa kujificha, na katikati anasema hajawahi kuua mwanamke kabla ya hapo. Riggs alichora maneno. Alichofanya ni kumpa marehemu sura. Na mama huyu alishapewa jina la utani lenye chuma ndani yake, Iron Lady, na gazeti la jeshi la Kisovieti tangu 1976, kwa hiyo na bendi hii wakawa kama majina mawili yanayogombania mlango mmoja.

Oktoba mwaka huo wakatoa "Women in Uniform", wimbo wa bendi ya Skyhooks ya Australia. Eddie anatembea kwa raha zake, kushoto nesi, kulia mwanafunzi. Pembeni, kwenye kona, Thatcher amefufuka na bunduki, anamngoja. Kisasi! Niambieni ni bendi gani nyingine mwaka 1980 ilikuwa inasimulia kisa kwenye majalada ya singo, sehemu ya kwanza na ya pili.

Wimbo wenyewe, tuseme haraka tupite, ni wa kawaida. Ulifika namba 35.

---

Chuma cha Pua

Swali: bendi ilikuwa inampinga Thatcher au ilikuwa kiki tu?

---

Mzee wa Santuri

Ukiangalia nyimbo za kipindi hicho huoni siasa ya vyama hata kidogo. Bendi za panki zilikuwa zinamwimba kwa jina. Hawa walimtumia kama sura inayotambulika na kila mtu, iwe anampenda au anamchukia. Mpenzi wake akikasirika, bendi imepata habari. Adui yake akicheka, bendi imeuza santuri. Kiki, ndiyo, lakini kiki iliyochorwa na mtu mwenye ucheshi.

---

Besi Nzito

Kiki ya kuchora kwa mkono, siyo hizi za siku hizi.

---

Mzee wa Santuri

KIPANDE CHA NNE: Killers

Tarehe 2 Februari 1981. Kama kuna jalada moja la kuning'iniza, ni hili.

Eddie amesimama, shoka mkononi, damu inadondoka. Anayeuawa humuoni. Unaona mikono yake miwili tu, imeshika fulana ya Eddie kwa chini, inaomba au inateleza, chagua mwenyewe. Riggs ndani ya mwaka mmoja alikuwa amejifunza mwili: mikono ina mifupa, shoka lina uzito, mwanga unatoka mahali unapojulikana. Nyuma kuna majengo na madirisha ya usiku. Kwenye dirisha lenye mwanga mwekundu yumo Charlotte wa albamu ya kwanza, na Ruskin Arms, baa ya mashariki mwa London walikokuwa wakipiga, nayo imo. Ile tabia ya kuficha vitu kwenye picha, ambayo watu wanaisifia kwenye Somewhere in Time, ilianzia huku. Tafuteni pia alama ya Riggs mwenyewe, kile kiduara kilichofumwa kwa herufi za jina lake. Kila jalada anakificha mahali tofauti.

Ona pia Eddie anavyocheka. Kwenye jalada la kwanza ameduwaa, hujui kama yeye ndiye tishio au ndiye aliyetishwa. Kwenye Killers anajua anachofanya na anakifurahia. Wahenga wamesema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Huyu anakutazama wewe mwenye santuri huku anammaliza mwingine, kana kwamba wewe mmeshafahamiana.

Sauti nayo ilipanda daraja. Martin Birch, aliyekuwa amefanya kazi na Deep Purple na Black Sabbath, alikaa kwenye mitambo pale Battery Studios, London, na tangu hapo hakuondoka hadi *Fear of the Dark* ya 1992. Kwenye gitaa, Adrian Smith alikuwa ameingia nafasi ya Dennis Stratton. Ngoma ni za Clive Burr, na naomba nitie hapa neno moja: sikilizeni "Wrathchild" kwa ajili ya Burr tu, msisikilize kingine.

@Dada Riffu, nimefika. Ni kweli Harris alikuwa anaandika Genghis Khan na Ufaransa ya karne ya 19. Lakini ukiwa na albamu mkononi husikii kwanza, unaona kwanza. Jalada likakwambia haya yote yanatokea hapo nje, usiku huu, chini ya taa hiyo. "Murders in the Rue Morgue" inaimbwa na mtu anayekimbia barabarani akisingiziwa mauaji. Ndani ya jalada lile, Paris inageuka kuwa London. Hiyo ndiyo kazi ya jalada.

---

Dada Riffu

Haya, hilo la Paris kugeuka London nimelipenda, nalichukua bila kurudisha. Ila naongeza jambo ambalo umeliruka. Baada ya Killers, Machi 1981, ilitoka singo ya "Twilight Zone". Tazameni lile jalada: mwanamke yuko chumbani mbele ya kioo, Eddie anamtokea kama mzuka. Umeona kilichotokea? Ametoka barabarani, ameingia ndani ya nyumba, na hana tena mwili. Mwezi wa sita ikaja "Purgatory", uso wa shetani unabanduka na chini yake kuna uso wa Eddie. Kwa hiyo safari ya kwenda kuzimu ilishaanza Di'Anno akiwa bado mwimbaji. Usimtwishe Bruce Dickinson, mwimbaji aliyemfuata, lawama zote.

---

Mzee wa Santuri

Sijamtwisha mtu. Lakini umenifungulia mlango wa kipande cha mwisho.

KIPANDE CHA TANO: The Number of the Beast

Riggs alipoagizwa jalada la "Purgatory" alileta mchoro mwingine kabisa: Eddie mkubwa kama mlima anamchezesha shetani kwa nyuzi, na shetani naye ana kikaragosi chake, ambacho ni Eddie mdogo. Smallwood alipouona akasema huu ni mzuri mno, hauendi kwenye singo. Ukawekwa akiba. Riggs akachora kingine haraka, ndio huo uso unaobanduka. Mchoro uliowekwa akiba ukatoka Machi 1982 kama jalada la albamu ya tatu, na albamu ikaenda namba 1 Uingereza, ya kwanza kwao.

Riggs amesema wazo la nyuzi lilimjia kutoka kitabu cha vibonzo cha Doctor Strange alichokisoma utotoni. Kwa hiyo waliokuwa wakichoma santuri hizi kule Marekani kwa hofu ya ibada za shetani walikuwa wanachoma kumbukumbu ya vibonzo. Na wala hawakuangalia vizuri: kwenye picha ile shetani ni kibaraka, hana amri hata juu ya mikono yake.

Mchoro mkubwa? Mkubwa. Fumbo la nani anamwongoza nani halichoshi. Singo zake zimeendeleza kisa: kwenye "Run to the Hills" Eddie na shetani wanapigana, kwenye singo ya "The Number of the Beast" Eddie ameshika kichwa cha shetani kilichokatwa. Sehemu ya kwanza na ya pili, mtindo ule ule wa Thatcher.

Lakini mimi hapo ndipo ninapoteremka. Zimwi la ukubwa wa mlima halinifuati kichochoroni. Nikiliona naliona kwa mbali, kama mandhari. Yule wa shoka alikuwa na kimo changu.

---

Chuma cha Pua

Mzee, hapa nakupinga waziwazi. Bendi haikuweza kubaki kwenye kichochoro. Septemba 1981 Di'Anno anaondolewa, anaingia Dickinson kutoka bendi ya Samson, mwenye sauti ya kujaza uwanja. Sasa unataka sauti ile iimbe "Hallowed Be Thy Name" nyuma yake kuna taa ya barabarani na pipa la taka? Jalada lilikua kwa sababu muziki ulikua. Eddie wa kichochoroni angewafanya wabaki bendi ya baa. Halafu ona walivyomtumia baadaye: 1983 kwenye Piece of Mind wamempasua ubongo, wamemfunga minyororo chumba cha wagonjwa wa akili, na kovu lile la kichwani limebaki naye kwenye majalada yaliyofuata. Zimwi lenye historia ya matibabu! Huwezi kupata hilo kwa kurudia shoka kila mwaka.

---

Nywele Ndefu

"Zimwi lenye historia ya matibabu" 😂😂 nimemwaga maji kwenye kibodi

---

Mzee wa Santuri

@Chuma cha Pua, hoja ya sauti ni nzito na siwezi kuiondoa. Dickinson na pipa la taka hawaendani. Ila angalia kilichopotea. Mpaka 1981 kila jalada lilitokea mahali ambapo mnunuzi angeweza kupita akirudi nyumbani. Kuanzia 1982 ni kuzimu, halafu hospitali, halafu Misri, halafu mji wa karne zijazo. Kila mara ni mbali zaidi. Wakati huohuo kwenye jukwaa lilijengwa Eddie kubwa zaidi na zaidi. Mimi sisemi walikosea kibiashara, maana namba zinaonyesha vingine. Nasema hofu na ukubwa ni vitu viwili.

---

Besi Nzito

Wakuu mmeisahau Maiden Japan. Septemba 1981, EP (santuri fupi) ya laivu, kazi ya mwisho yenye sauti ya Di'Anno kabla ya mabadiliko. Eddie ameshika upanga wa Kijapani. Kuna toleo la Venezuela lenye jalada tofauti, Eddie kashika kichwa cha Di'Anno mwenyewe kilichokatwa. Ukijua kwamba mwaka huohuo jamaa alifukuzwa, ile picha inakuwa na ladha mbaya kidogo.

---

Dada Riffu

Ladha mbaya na bei mbaya. Wakusanyaji wanaililia ile.

Di'Anno apumzike, ametutoka Oktoba 2024. Burr alitangulia 2013. Wawili kati ya watano waliopiga Killers ukiwasikiliza leo unasikiliza kwa adabu nyingine.

---

Chuma cha Pua

Amina. Swali la mwisho kwa Mzee, la vitendo. Nataka kununua hizi albamu tatu za mwanzo. Nikichukua toleo lolote ni sawa au kuna tofauti?

---

Mzee wa Santuri

Tofauti ipo, na nyingine iko kwenye jalada lenyewe.

Albamu ya kwanza: toleo la Uingereza la 1980 lina nyimbo nane, "Sanctuary" haimo. La Marekani waliiongeza, na matoleo ya 1998 nayo yanayo. Ukiwa mtu wa kutaka mpangilio wa asili, tafuta lenye nane.

Killers: hadithi ni hiyo hiyo. Marekani waliongezewa "Twilight Zone", Uingereza haikuwemo. Binafsi naona inafaa kuwemo, lakini inaharibu mwendo wa upande wa pili.

The Number of the Beast: hapa angalia mbingu. Santuri za 1982 zina anga ya bluu nyuma ya Eddie. Riggs amesema hiyo ilikuwa hitilafu ya uchapaji, yeye alikusudia nyeusi, na ikarekebishwa kwenye toleo la 1998. Kwa hiyo unachagua: ya bluu, iliyo kosa lakini ndiyo iliyochomwa moto na kubandikwa kwenye kuta za vyumba vya vijana, au nyeusi, aliyoitaka mchoraji. Mimi na ukaidi wangu wote nachukua nyeusi. Ile bluu inafanya kuzimu kuonekane kama kuna hali ya hewa nzuri.

Kuna na "Total Eclipse". Iliwekwa upande wa pili wa "Run to the Hills" na nafasi yake kwenye albamu akapewa "Gangland", jambo ambalo Harris amelijutia hadharani. Toleo la 1998 liliiongeza. Santuri ya maadhimisho ya 2022 ikafanya zaidi, ikaitoa "Gangland" kabisa na kuiweka "Total Eclipse" mahali pake. Ukiwa na masikio, chukua hiyo ya 2022.

---

Nywele Ndefu

Gangland haikustahili kufukuzwa, Burr anapiga ngoma pale kama amepandwa na mashetani.

---

Mzee wa Santuri

Burr ndiye sababu pekee ya kuisikiliza. Mtu wa kwanza kukubaliana nami leo ni wewe uliyeweka kambi.

---

Dada Riffu

Mzee, Powerslave tunaanza lini? Kuna Mickey Mouse amefichwa kwenye piramidi na maandishi ya Indiana Jones, nina ukurasa mzima.

---

Mzee wa Santuri

Fungua uzi wako, nitakuja kubisha. Mimi mwisho wangu 1982.